Kompyuta Inaganda au Inadai Memori Haitoshi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua RAM

Malalamiko yanayofika kwa mafundi wa kompyuta Arusha na Moshi yanafanana sana. Mashine ya steshenari inaganda mwanafunzi anapotaka kuprinti risechi yenye picha nyingi. Laptopu ya ofisi ya utalii inafunga Excel yenyewe katikati ya msimu wa wageni. Desktopu ya mhasibu inawaka asubuhi na ujumbe usioeleweka kwa sababu umeme ulikatika usiku. Karibu wote wanaambiwa kitu kimoja: ongeza RAM, yaani memori ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa. Wakati mwingine ndiyo dawa. Lakini mara nyingi hela inatoka na tatizo linabaki palepale, kwa sababu kilichokwama ni diski, au diski C imejaa, au kuna mpangilio ambao mtu aliuchezea zamani akidhani anaiongezea mashine kasi.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11. Linux ina sehemu yake fupi karibu na mwisho.

Kinachoendelea ndani

Kila programu inapewa anwani zake za memori na haioni za mwenzake. Memori hiyo imekatwa vipande vinavyoitwa kurasa, kwa kawaida KB 4 kila mmoja, na prosesa hutumia jedwali linalotunzwa na Windows kujua kila ukurasa uko wapi ndani ya RAM. RAM ikikaribia kujaa, kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda hubanwa zikabaki humohumo kwa udogo, au huandikwa kwenye faili lililofichwa la pagefile.sys, ambalo kwa kawaida liko diski C. Programu ikiuhitaji tena ukurasa ulioondolewa, inasimama hadi Windows iusome kutoka diski na kuurudisha.

Huko kusimama ndiko kunakoumiza. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka ya kwenye laptopu huhitaji milisekunde 10 au zaidi kila inaporukia sehemu nyingine, yaani mara laki moja ya muda wa RAM. SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA iko katikati, karibu sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana mashine mbili zenye RAM ileile na kazi ileile zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Jambo la pili husahaulika hata na mafundi. Programu inapoomba memori, Windows huandika ahadi kwanza, na jumla ya ahadi haiwezi kuzidi RAM pamoja na pagefile. Mfikirie mkodishaji wa viti vya sherehe: ana viti ukumbini na vingine stoo. Akishaahidi vyote, oda mpya anaikataa, hata kama kwa wakati huo viti vingi vya ukumbini vipo vitupu. Kwa hiyo mashine inaweza kukuambia memori imekwisha huku RAM ikionyesha nafasi. Hiyo si hitilafu ya hesabu.

Pima kabla ya kugusa kitu

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager. Ikifunguka ndogo, bofya "More details". Nenda "Performance", kisha "Memory". Fanya hivyo wakati mashine inasumbua, si ikiwa imetulia, uandike namba mbili:

- "In use": RAM inayotumika sasa hivi.
- "Committed": namba mbili zenye mkwaju katikati, mfano 7.4/9.8 GB. Ya kwanza ni ahadi zilizotolewa, ya pili ni mwisho wa ahadi.

Kisha bofya "Disk" palepale upande wa kushoto, uangalie asilimia ya "Active time" na "Average response time". Namba hizi nne ndizo zitakazokupeleka kwenye dalili sahihi hapa chini.

Dalili: inaganda, taa ya diski haizimi, hakuna ujumbe wowote

Mshale wa mausi unatembea, lakini ukibofya unasubiri. Kutoka Word kwenda Chrome ni sekunde kumi, kurudi ni kumi nyingine. Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote.

*Sababu ya kawaida zaidi: RAM ya GB 4 imebebeshwa kazi ya GB 6, juu ya diski ya kuzunguka.* Laptopu nyingi za mtumba zinauzwa hivyo. Kuthibitisha, bonyeza Windows+R, andika resmon, fungua "Memory" na utazame grafu ya "Hard Faults/sec". Jina linatisha ila si kosa: ni idadi ya kurasa ambazo imebidi zisomwe kutoka diski. Ikipanda ghafla unapofungua programu kisha ikashuka, mashine ni nzima. Ikikaa kwenye mamia kwa dakika nzima huku "Active time" ya diski ikiwa 100%, kurasa zinatoka na kuingia bila kupumzika, na kazi yako haisogei.

Anza na visivyo na gharama. Punguza vichupo vya kivinjari. Kwenye Chrome washa "Memory Saver" ndani ya mipangilio ya "Performance". Kwenye Task Manager fungua "Startup" na uzime vinavyojiwasha bila kazi, kama visasisho vya printa, programu za kupakua, au WhatsApp na Teams kama huzitumii muda wote. Kama kuna antivirasi mbili, ondoa moja. Washa upya, fanya kazi kama kawaida kwa nusu saa, upime tena.

Kama bado, ndipo hela itoke. Ukiwa na uwezo wa kununua kimoja tu, na mashine ina diski ya kuzunguka, anza na SSD. Itaharakisha kuwaka, kufungua mafaili na kusoma pagefile kwa pamoja. Isipokuwa namba ya kwanza ya "Committed" inakaa karibu mara mbili ya RAM siku nzima: hapo RAM kwanza, kwa sababu SSD nayo itachoshwa kwa kuandikwa bila kukoma.

Kabla ya kwenda dukani kununua RAM, soma lebo ya ile iliyomo. DDR3 na DDR4 ni vizazi vya RAM: DDR3 ya laptopu ina pini 204 na DDR4 ina 260, na mkato hauko mahali pamoja, hivyo haziingiliani. Mtego uko ndani ya DDR3 yenyewe. Iliyoandikwa PC3 hutumia volti 1.5, iliyoandikwa PC3L hutumia 1.35. Laptopu za Intel kizazi cha nne zinataka PC3L. Ukiweka ile nyingine huenda zisiwake kabisa. Angalia pia "Slots used" kwenye ukurasa wa "Memory". Baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye madabodi, hizo haziongezeki.

*Inayofuata: Windows Update au antivirasi inachambua diski.* Hapa diski iko 100% lakini "Hard Faults" ziko chini na "In use" haijapanda. Si tatizo la memori. Iache kwenye chaja imalize, hata kama itachukua saa kadhaa kwenye diski ya kuzunguka.

*Joto na vumbi.* Vumbi la kiangazi Arusha na joto la Moshi mwezi wa pili hufanya feni isitoshe, na prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Angalia "CPU", sehemu ya "Speed". Ikiwa imeng'ang'ania chini ya 1 GHz huku mashine ina kazi na mwili wake una moto, safisha feni na badilisha pesti ya joto. Memori iache.

*Isiyotokea mara nyingi ila ni ya hatari: diski inakufa.* "Active time" ni 100%, kasi ya kusoma ni KB chache tu, na "Average response time" inasoma mamia au maelfu ya milisekunde muda mrefu. Diski ya kuzunguka yenye afya huwa kwenye makumi. Tumia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6 kwenye safu ya "Raw Values". Namba yoyote juu ya sifuri kwenye C5 ni onyo.

Simama hapa ukisikia diski inagonga tik-tik au ukiona onyo hilo. Usiendeshe chkdsk /r. Amri hiyo inalazimisha diski kusoma kila kipande na inaweza kuimaliza. Nakili mafaili ya muhimu, zima, mpelekee fundi anayejua kuokoa data.

Tunaomba pia watu waache programu za "kuongeza RAM". Zinachofanya ni kuzilazimisha programu nyingine ziachie kurasa zao. Grafu inashuka, unafurahi, halafu kurasa zilezile zinasomwa upya kutoka diski. Na kuchomeka flashi kwa ReadyBoost hakuongezi memori wala mwisho wa ahadi. Ni akiba ya kusomea tu, na mwenye SSD haimsaidii kitu.

Dalili: ujumbe "Your computer is low on memory", au programu zinajifunga zenyewe

Tazama "Committed". Kama namba ya kwanza imeikaribia ya pili, mwisho wa ahadi umefikiwa.

*Sababu ya kwanza: pagefile ilizimwa au ilibanwa kwa mkono.* Ushauri wa "zima pagefile mashine iwe nyepesi" umezunguka miaka mingi na umeharibu kazi za watu wengi. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kwenye "Performance" bofya "Settings", tena "Advanced", halafu "Change". Weka tiki kwenye "Automatically manage paging file size for all drives", OK, washa upya. Kwa watu wengi tatizo linaishia hapo.

*Ya pili: diski C imejaa.* Pagefile inapojiendesha inaweza kukua hadi mara tatu ya RAM, au GB 4 ikiwa hiyo ndiyo kubwa, lakini haivuki moja ya nane ya ukubwa wa diski C. Na kama diski C imebaki na GB 2, haina pa kukulia. Acha angalau GB 15 wazi.

*Ya tatu: programu inayovuja,* yaani inaomba memori bila kurudisha. Task Manager, "Details", bofya kulia kichwa cha safu yoyote, "Select columns", weka tiki "Commit size", panga kwa safu hiyo. Andika namba ya programu ya juu kabisa, rudi baada ya saa moja bila kuibebesha kazi mpya. Kama imepanda tu, umeipata. Isasishe au ibadilishe. Kama tukio limeshapita, fungua eventvwr.msc, "Windows Logs", "System", utafute ID 2004 ya Resource-Exhaustion-Detector. Maelezo yake yanataja kwa majina programu zilizokuwa zimechukua ahadi nyingi zaidi wakati ule.

Hakuna programu iliyopanda lakini "Non-paged pool" kwenye ukurasa wa "Memory" imepita GB 1 na inaendelea? Hiyo ni draiva (programu inayoendesha kifaa) inavuja, mara nyingi ya kadi ya mtandao au ya antivirasi. Sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Isiposaidia, mwachie fundi, kwa sababu kumtafuta mhusika kunataka vifaa vya Microsoft ambavyo si rahisi kuvisoma.

*Ya mwisho: kazi ni kubwa kweli.* Picha za safari kwenye Lightroom, ramani, AutoCAD. Hapa unaweza kupanga pagefile mwenyewe kwa muda: ondoa ile tiki, chagua C, "Custom size", "Initial size" 4096 na "Maximum size" 12288 kwa mashine ya GB 8 yenye nafasi ya kutosha. Namba ni za MB. Halafu bofya "Set" kabla ya OK. Ukiruka "Set", dirisha linafungika vizuri kabisa na hakuna kilichohifadhiwa. Wengi hurudi wakisema "nimeshaweka lakini haibadiliki" kwa sababu hiyo tu. Pagefile itazuia programu kufungwa. Kasi ya RAM haitaleta.

Dalili: diski C imejaa na pagefile.sys ndiyo kubwa kuliko yote

Usiifute wala usiizime. Ukubwa wake huenda unaonyesha mashine iliwahi kuhitaji memori nyingi. Tafuta nafasi kwingine kwanza: "Storage" ndani ya Settings, "Temporary files", kisha "Downloads", ambako kwa kawaida kuna video na mafaili ya kusakinishia yaliyosahaulika.

Jirani yake, hiberfil.sys, faili la hibernate (kuhifadhi kazi zilizofunguliwa kwenye diski kabla mashine haijazima), huchukua kwa kawaida karibu asilimia 40 ya RAM. Kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa "Run as administrator", amri powercfg /h off huiondoa. Kwa desktopu isiyo na UPS hupotezi kikubwa, ila kuwaka kutachelewa kidogo. Kwa laptopu iache: betri ikiisha umeme haupo, hibernate ndiyo inayokuokolea kazi.

Dalili: kila ikiwaka inasema "Windows created a temporary paging file"

Windows ilishindwa kutumia pagefile iliyoagizwa, ikatengeneza ya muda. Chanzo cha kawaida ni mpangilio unaoelekeza diski D ambayo imeshatolewa, au herufi za diski kubadilika baada ya kuhamishia Windows kwenye SSD mpya. Baada ya hapo ni mafaili ya mfumo kuharibika umeme ulipokatika ghafla.

Kwenye dirisha lilelile la "Virtual memory" ulilolifikia kwa sysdm.cpl, ondoa tiki ya juu, chagua kila diski kwenye orodha, weka "No paging file", "Set". Washa upya. Rudi, weka tiki ya kujiendesha, washa upya tena. Ujumbe ukirudi, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika chkdsk C: /scan, hiyo inakagua bila kuzima mashine. Ikikuta makosa, chkdsk C: /f, ukubali ifanye kazi mashine itakapowashwa upya, huku laptopu ikiwa na chaji kamili au desktopu ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya ukarabati huo, unaweza kupoteza mafaili yaliyokuwa mazima. Malizia na sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha mafaili ya mfumo.

Dalili: skrini ya bluu yenye maneno ya memori

Piga picha skrini kwa simu. Jina la kosa ndilo linaloamua njia.

KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR maana yake Windows ilitaka kurudisha ukurasa kutoka diski ikashindwa kuusoma. Mshuku diski kabla ya RAM. Kwenye Event Viewer (eventvwr.msc) tafuta chanzo "disk", ID 7 ni kipande kibovu, ID 51 ni kosa lililotokea wakati wa kuhamisha kurasa. Kwenye desktopu, zima, chomoa waya wa umeme, kandamiza upya kebo ya SATA pande zote mbili au ibadilishe. Kebo iliyolegea huleta kosa hilihili. Lisipoisha, nakili data leo, si wiki ijayo.

MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA hutokana na draiva mpya au RAM. Kama ulisakinisha printa au antivirasi siku hizo, iondoe kwanza. Kisha ipime RAM: endesha mdsched.exe, au MemTest86+ kutoka kwenye flashi kwa mzunguko mzima angalau mmoja. Kosa hata moja kwenye jaribio ni kosa: hakuna RAM "mbovu kidogo". Zikiwa mbili, jaribu moja moja, na ubadilishe nafasi ujue kama ubaya uko kwenye RAM au kwenye tundu.

Kutoa RAM ya laptopu: zima kabisa, chomoa chaja, toa au tenganisha betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15, gusa chuma kuondoa umeme tuli mwilini. Vuta vishikizo vya pembeni, RAM itainuka yenyewe. Safisha pini kwa ufutio laini na kitambaa kikavu, rudisha kwa mshazari hadi pini zizame, kisha ilaze ibane. Usiendelee ukiona betri imevimba, alama ya kuungua au kutu ya kijani kwenye madabodi. Betri iliyovimba ikitobolewa inawaka moto.

Dalili: umeweka RAM ya GB 8 lakini inatumika 3 na kitu

Karibu kila mara ni Windows ya biti 32. Angalia "System type" kwenye Settings, "About". Haiwezi kugeuzwa kuwa ya biti 64 bila kusakinisha upya, hivyo nakili mafaili kwanza. Kama ni ya biti 64 tayari, fungua msconfig, "Boot", "Advanced options", uhakikishe "Maximum memory" haina tiki. Baada ya hapo ni RAM isiyokaa vizuri.

Linux: programu inatoweka ghafla

Kerneli (kiini cha Linux) ikiishiwa memori huchagua programu na kuiua, mara nyingi kivinjari. Thibitisha kwa sudo dmesg | grep -i "out of memory", kisha free -h. Mstari wa Swap (inayofanya kazi ya pagefile) ukiwa sifuri, kwa diski yenye mfumo wa mafaili wa ext4 tengeneza faili la GB 4:

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Ili lidumu, ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab: /swapfile none swap sw 0 0. Kagua herufi kwa herufi kabla ya kuwasha upya. Kosa ndani ya faili hilo linaweza kuzuia mashine isiwake.

Ukiamua kumpelekea fundi

Mpe namba zote mbili za "Committed", "In use", "Average response time" ya diski, picha ya skrini ya bluu kama ipo, na tarehe ya mara ya mwisho umeme kukatika mashine ikiwa inafanya kazi. Mwambie kama diski imewahi kubadilishwa. Na mwombe akupime diski mbele yako kabla hajataja bei ya RAM.